Machungwa ya Mzee Sadok

Kila mchana Rafika alipeleka supu ya shayiri hospitalini mjini Nabeul. Alimlisha baba yake, Mzee Sadok, kijiko kwa kijiko, kisha akamfuta mdomo.

Homa ya mapafu iliwapata wazazi wake wote wawili. Mama yake, Bi Zohra, alifariki. Baba alikuwa mahututi, akipumua kwa mashine. Alipozinduka, mkewe alikuwa amekwisha kuzikwa.

"Sikumzika," alisema kwa sauti ndogo. "Siku ya arobaini nipelekeni kaburini, nimwombee dua."

Lakini mikono yake haikuweza kuinuka.

Siku moja Naima, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuja na miwani kubwa nyeusi.

"Akivaa hii ataona picha ya bustani ya michungwa, kama yumo ndani yake," alisema. "Atanyoosha mkono achume. Ni mchezo."

Rafika aliweka bakuli chini. "Mchezo? Mama hajatimiza arobaini, nawe unamletea baba mchezo? Watu watasemaje?"

"Pole, dada yangu. Mgonjwa akilala tu, misuli inakwisha, hata akila vizuri. Akiona chungwa, mkono unataka kulifuata. Daktari ameruhusu. Nitaangalia moyo wake na pumzi yake. Akichoka, tunaacha."

"Na kumlisha je, nako niache? Mimi ni binti yake."

"Mshikie bakuli. Kijiko ashike mwenyewe."

Mzee Sadok akamwambia Naima, "Nivalishe, binti."

Mkono uliinuka kidogo, ukaanguka. Akajaribu tena.

"Machungwa haya hayana harufu," alisema. "Zohra angenicheka. Angesema, mzee mzima anachuma hewa."

Alicheka. Kisha machozi yakatoka chini ya miwani. Naima alimvua, akamfuta.

"Tuache leo, mzee?"

"Bado lile la juu."

Wakaendelea hivyo kila siku. Supu ilimwagika shukani mara nyingi. Rafika alijifunza kungoja mpaka baba aombe msaada.

Siku ya arobaini walimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi kaburini. Aliutazama udongo kwa muda mrefu. Kisha akafungua viganja, akaviinua. Vilifika kifuani, vikatetemeka.

Rafika alinyoosha mikono amshike viwiko. Akakumbuka kuwa hajaombwa, akairudisha. Akafungua viganja vyake kando ya vile vya baba, akaitikia dua yake mpaka mwisho.