Chapa ya Buluu

"Saruji iko wapi, Mahmudu?"

Faudhia hakupiga hodi wala hakukaa. Alikuwa ameteremka kutoka Kitangari juu ya lori la magunia, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Alisimama katikati ya chumba cha Mahmudu, Mkomaindo, akiitazama kona ilikolazwa mifuko ya saruji tangu kiangazi. Sasa palikuwa na unga mweupe tu sakafuni.

"Kaa kwanza, mpenzi. Nikuletee maji?"

"Usinitajie maji! Telegramu yangu uliipata?"

Aliipata. Alikuwa nayo mfukoni, imelainika kwa jasho: MAMA KAANGUKA BONDENI NA NDOO. NYONGA IMEVUNJIKA. LETE SARUJI KABLA YA MVUA.

"Niliipata."

"Basi iko wapi?"

Mahmudu akafungua sanduku, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye kanga, akakishika kama anayepokea mtoto mchanga.

"Nimeibadilisha."

"Na nini?"

"Chapa ya kwanza, Faudhia. Ile ya buluu!"

Riwaya yenyewe iliitwa *Ua Lililonyimwa Maji*. Aliiandika Mabel Sefu, yule mwigizaji wa filamu ambaye, gari la sinema lilipopita Newala zamani, aliliza uwanja mzima mpaka akina mama wakakinga ndoo, maana kule juu hakuna maji ya kuchezea. Aliandika kitabu hicho kimoja tu maishani mwake, lakini kilichapwa na kuchapwa tena. Mahmudu alikuwa nacho chenye jalada jekundu, chenye picha ya mwavuli, chenye jalada lililogundishwa juu chini, na kingine ambacho mchwa walikisoma kabla yake.

"Una sanduku zima la vitabu," Faudhia alisema, "na vyote ni kitabu kimoja!"

"Vyote wanaachana mwishoni. Wewe ndiye uliyeniambia bibi yako alisomewa chapa ambayo wanaoana. Ukasema, siku nikikuonyesha hiyo, utajua mapenzi yetu hayatakufa. Mwisho wake sijaufungua. Nimekuwekea tuusome wote."

"Nilikuwa natania, Mahmudu! Nimelala begani kwako nakula mabibo, mdomo unanata, unategemea niseme nini? Mama hakutania. Mama alisema nini mbele ya mjomba?"

Mahmudu akainamisha kichwa. Mama yake Faudhia alisema waziwazi: "Mwanangu hatashuka bondeni kama mimi. Anayemtaka achimbe kisima cha kuvunia mvua, akisakafie, ndipo tuzungumze." Juu ya uwanda ule, asiye na kisima uani huteremka genge na ndoo tupu na kurudi na shingo iliyopinda.

"Nani kaichukua?"

"Mzee Anselmo, aliyekuwa akiendesha mashine ya sinema. Alitaka kujengea kaburi la mkewe."

Faudhia akafumba macho. "Basi hatuwezi hata kuidai." Akajifunga kanga upya, polepole, kama mtu anayefunga mzigo wa safari. "Kurwa kaleta posa. Kasema atachimba na kusakafia. Mjomba kakubali."

"Kurwa wa pikapu?"

"Kurwa wa pikapu, wa duka la saruji, wa korosho za kukaanga. Zama za ruksa ya biashara zimemkuta macho. Wewe zimekukuta unasoma."

Akatoka. Mahmudu akabaki amekumbatia kitabu, na kwa mara ya kwanza kikamnukia ukungu.

Asubuhi alipanda Kitangari na chapa ya buluu kwapani. Tumaini lake moja lilibaki kwa Bibi Siti, bibi yake Faudhia. Bibi akiusikia mwisho ule, labda atamsemea kwa mjomba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mwenzio kaja na pikapu, wewe umekuja na kwapa. Kuna nini humo?"

"Kitabu chako, Bibi. Kile alichokusomea Babu."

Akafunua ukurasa wa mwisho, akasoma kwa sauti: "Akageuka, akaenda zake, na ua likakauka mlangoni." Akageuza karatasi, nyuma hakuna kitu.

"Bibi... hata hii wanaachana."

Bibi Siti akacheka mpaka ugoro ukamwagika.

"Nnungu wangu! Mume wangu, babu yenu hakujua hata a! Alikiokota uwanjani baada ya sinema. Alikuwa anakishika juu chini, yule dada wa kwenye jalada ananing'inia kama popo."

"Sasa... wakaoana ilitoka wapi?"

"Nilikuwa na mimba ya mjomba wenu huyu. Nimetoka bondeni, miguu imevimba, nalia. Akaniambia, Siti, nyamaza nikusomee: wakaoana. Kila nikilia, wakaoana."

"Ukamwamini?"

"Macho si ninayo? Lakini kesho yake alibeba ndoo akashuka bondeni mwenyewe. Wanaume wakamcheka, wakamwita bibi harusi. Akashuka tena. Ndipo nilipokiamini kitabu."

Ndani ya nyumba Mama Faudhia akaugua akijigeuza kitandani. Mahmudu akauziba uso kwa kitabu.

"Bibi, mimi nimefanya nini?"

"Hilo usiniulize mimi. Koleo liko nyuma ya jiko."

Kurwa alikuwa mfanyabiashara mpaka kwenye kucha. Ukimuuliza bei ya kitanda anacholalia, anashuka anakukunjia godoro. Mahmudu alirudi Mkomaindo kuchukua sanduku, akamkuta dukani Newala akiwagombeza wauza korosho wake: karatasi za kufungia zimekwisha.

"Nataka saruji ya kusakafia kisima, Kurwa."

"Una nini?"

"Karatasi." Akatua sanduku.

Kurwa akachomoa kitabu kimoja, akararua ukurasa, akaukunja pembe, akatia korosho za moto. "Haivuji mafuta. Zote? Na hicho cha buluu?"

Mahmudu akalipapasa jalada lake. "Na cha buluu. Niachie ukurasa wa mwisho tu."

"Mzigo ni mzigo."

"Haya. Chukua."

"Kuna saruji ya watu hapa, nimeiahidi," Kurwa alisema, tayari anaita mpakizi. "Lakini ichukue, nyingine inakuja na lori la Mtwara. Wewe kisima cha nani?"

"Cha mwanamke mmoja mgonjwa."

"Mungu akulipe," Kurwa alisema, akaendelea kurarua.

Mahmudu alichimba uani kwa kina Faudhia mpaka kichwa chake kikawa hakionekani. Faudhia akaja kusimama ukingoni.

"Unafanya nini?"

"Nachimba."

"Nimeposwa, Mahmudu."

"Najua. Sikuja kuoa. Nimekuja ili Mama asishuke tena."

"Na saruji?"

"Ipo."

"Na vitabu?"

"Vinauza korosho."

Faudhia akakaa chini palepale kwenye udongo, akalia kimyakimya. Kisha akateremsha ndoo. "Jaza. Mimi navuta."

Sakafu ilikuwa imeshakauka Kurwa alipofika na pikapu, mawingu meusi juu yake.

"Hiyo si saruji yangu?"

"Ilikuwa," alisema Bibi Siti.

"Mjomba, huyu kanilaghai!"

"Ulimuuliza ya nini?" mjomba alisema.

"Nilimuuliza! Akasema mwanamke mgonjwa!"

"Kwani mimi ni mzima?" Sauti ya Mama Faudhia ilitoka dirishani. "Kurwa baba, na ya kwako iko wapi?"

"Lori limekwama njiani, mama. Mvua..."

"Nyonga yangu haisubiri lori. Kaka, mrudishieni posa yake."

Tone la kwanza likagonga bati. Kurwa alitaka kujibu, lakini mvua ilishamkata kauli.

Msimu ule Newala na Masasi nzima walikula korosho na kusoma. Watu walisimamishana njiani: "Wewe umepata ukurasa gani?" Inasemekana mwanamume mmoja wa Lupaso alikula mpaka akavimbiwa akitafuta sura ya nne.

Siku ya harusi ya Faudhia na Mahmudu korosho zilipita kwenye sinia. Bibi Siti akafungua pembe yake, akaikunjua, akaitazama. Chini ya mstari wa mwisho palikuwa patupu; ulikuwa ule ukurasa wa mwisho wa kitabu.

"Faudhia, hii nini? Nisomee."

Bibi harusi akaupokea. Akauona mstari ule wa "Akageuka, akaenda zake." Akamtazama Mahmudu, viganja vyake bado vina malengelenge ya koleo. Kisha akaugeuza ukurasa juu chini.

"Wakaoana," akasoma.

Bibi akafuta jicho kwa ncha ya kanga.

"Huyo ndiye anayejua kusoma," akasema. "Rudia."