Nilifundishwa Upande wa Kike

"Unanikanyaga," aliniambia taratibu, midomo yake ikiwa juu kidogo ya paji la uso wangu.

"Samahani."

"Samahani zako zimezidi hatua tulizopiga. Kwani huko kwenu mlikuwa mnadansi au mnaponda mawe?"

Watu wa meza ya jirani walicheka. Ilikuwa Jumapili mchana, katika dansi la wafanyakazi wa simu. Sakafu ilikuwa imenyunyiziwa poda ili viatu viteleze, na mimi nilikuwa nateleza kweli, ila kuelekea kusikotakiwa. Mwanamke niliyemshika alikuwa opereta wa simu. Nilikuwa nimeipenda sauti yake kwa muda mrefu, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza kumwona. Alikuwa mrefu. Mimi kiwandani waliniita Nukta, na hawakunionea.

Ukumbi ule siku hizi ni duka la makochi. Nikipita pale husimama dirishani, na wauzaji hudhani nina haja na kochi.

Enzi zile nilikuwa napanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, herufi za madini ya risasi, moja moja, kwa mkono. Shule ya mchana sikuipata. Nilianza kusoma jioni nikiwa na ndevu, na nilisoma kila kilichofundishwa pale: Kiingereza, hesabu za biashara, na dansi. Dansi lililetwa na mwalimu mmoja, mpiga tarumbeta mstaafu, aliyeamini kwamba mtu hajaelimika mpaka aweze kusimama mbele ya watu bila kutafuta pa kuficha mikono. Tulisukuma madawati ukutani, yeye akaweka santuri. Mwanamke darasani hakuwepo hata mmoja, kwa hiyo alitupanga kwa urefu: warefu wakawa mabwana, wafupi mabibi. Mimi niliangukia mikononi mwa fundi wa gereji aliyeitwa Tingatinga, na mwili wake ulilistahili jina hilo.

Nilitaka kukataa. Mwalimu akanieleza kwamba kufuata si kuburutwa. Anayefuata husimama wima, huinua uso, na husikiliza kiganja cha mwenzake kinataka kwenda wapi kabla hakijaenda. Mpaka siku ile nilikuwa mtu wa kuongea na viatu vya watu. Baada ya miezi kadhaa mikononi mwa Tingatinga niliweza kumtazama mtu machoni hadi akwepe yeye. Nikajitolea kupokea na kupiga simu za kiwanda, kazi ambayo wenzangu wote waliikimbia.

Simu zote wakati huo zilipita kwa opereta.

"Namba?"

"Namba yoyote utakayonipa, dada, mradi usikate."

"Hapa ni kazini, kaka."

"Hata mimi niko kazini."

Alicheka kidogo, akaniunganisha na mtu ambaye sikuwa na shida naye. Tukazoeana hivyo, vipande vipande, kati ya simu moja na nyingine. Akaniambia nina sauti ya mtu mrefu. Sikumsahihisha. Siku moja akaniuliza kama najua kudansi, nikamjibu kwa kiburi cha mtu mwenye cheti kwamba nimesomea.

Ndivyo tulivyofika pale sakafuni, mimi nikijaribu kuwa bwana kwa mara ya kwanza maishani.

Bendi ilipobadilisha na kuingia rumba ya polepole, naye akaonekana amechoka kunisaidia, mambo yaligeuka. Kiganja chake kilihamia mgongoni mwangu, kikataka kushoto, nikaenda kushoto kabla sijajiuliza. Kikataka nyuma, nikarudi nyuma. Miguu yetu ikaacha kugombana. Alifumba macho. Nilimwona akitabasamu peke yake, na mimi sikumbuki kama nilikuwa nakanyaga chini.

Kisha ikaja sauti kutoka pembeni:

"Jamani, hapo bwana nani na bibi nani?"

Alikuwa msimamizi wake wa zamu, ambaye kila mtu alimwita Tai kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona shingo yake bila tai. Ndiye aliyezoea kumleta opereta kwenye dansi, na wazee wa pande mbili walikuwa wameanza mazungumzo ya posa. Ukumbi mzima ulicheka. Opereta aliutoa mkono mgongoni mwangu kama aliyegusa pasi ya moto. Nilimshukuru, nikachukua koti langu, nikatoka wimbo haujaisha.

Wiki hiyo simu za kiwanda walipokea wengine. Alipiga, akaambiwa nimetoka. Akapiga tena, bado nimetoka. Siku ya Ijumaa msimamizi wetu alichoka kudanganya kwa ajili yangu, akaniwekea mkonga wa simu sikioni.

"Kiwanda cha uchapaji," nilisema, kama sijui ni nani.

"Jumatatu watu wa Tai wanakuja kwa baba," alisema. "Nimeambiwa niwe na jibu. Jumapili unakuja au huji?"

"Nije wanicheke tena?"

"Ndiyo. Uje wakucheke tena. Nataka kuona kama utaondoka tena."

Akakata.

Nilikwenda gereji moja kwa moja. Nilimwomba Tingatinga anifundishe upande wa kiume, yeye awe bibi. Tulijaribu nyuma ya lori bovu, mafundi wenzake wakitupigia miluzi na kumwuliza bibi kama ametolewa mahari. Nilipomvuta hakuja. Nilipomsukuma alibaki palepale kama ukuta.

"Nukta, ndugu yangu," aliniambia akijifuta jasho, "wewe ukiongoza unaomba ruhusa. Ukifuata ndiyo unakuwa mwanamume. Nenda kamwambie ukweli huyo mtu."

Jumapili nilimkuta amesimama karibu na jukwaa, Tai yuko hatua chache nyuma yake. Sikumsalimu hata.

"Nilifundishwa upande wa kike," nilimwambia. "Darasa letu lilikuwa la wanaume watupu na mimi ndiye mfupi. Ule wa kiume nimeujaribu, umenishinda."

Alinitazama mpaka nikaanza kufikiria mlango.

"Mimi nilisoma bweni la wasichana watupu," alisema. "Mrefu kuliko wote nilikuwa mimi. Unadhani nilifundishwa upande gani?"

Akanisimulia kwamba tangu aanze kudansi na wanaume huambiwa alegee, ajikunje, aache kutembea kama askari wa gwaride. Tai humwambia hivyo kila Jumapili, kwa upole, kama anayemtibu.

"Basi leo usijikunje," nilisema.

Tuliingia. Sitadanganya kwamba hawakucheka. Walicheka tangu hatua ya kwanza, na Tai hakuchelewa kuliuliza swali lake lilelile, safari hii kwa sauti ya kusikika hadi kwa mpiga ngoma. Nilihisi mkono wa opereta ukianza kulegea mgongoni mwangu. Niliushika, nikaurudisha ulipokuwa.

Akamgeukia Tai juu ya kichwa changu.

"Bado hajaniposa, bosi. Akishaniposa tutakuletea majibu."

Kicheko kikahama meza. Tai akashika fundo la tai yake na kutafuta pa kutazama.

"Nakuposa basi," nilimwambia opereta.

"Hapa?"

"Unizungushe kwanza."

Alinizungusha. Niliporudi mikononi mwake alikuwa ameshaamua.

"Nimekubali," alisema. "Lakini baba utamweleza mwenyewe."

Baba yake alikuwa mkuu wa kituo cha reli, mzee asiyependa kitu kiende kinyume na ratiba. Alinikubali kwa shida. Siku ya arusi, bendi ilipotuita sakafuni, bibi arusi aliniinamia sikioni.

"Baba ameniomba leo uongoze wewe. Wazee wote wamekuja."

"Sijui, na unajua sijui."

"Sogeza mguu wowote. Nitakwenda nao."

Nikasogeza. Alikuja nao, magoti ameyakunja ndani ya gauni ili asinizidi, akiokoa kila kosa langu kabla halijaonekana. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Lakini mimi nilikuwa nimekaa upande ule, nilijua uzito wake. Mgongo wake ulikuwa unatetemeka chini ya kiganja changu. Nikasimama. Bendi ikaendelea bila sisi.

"Mke wangu, rudi upande wako."

"Watu wanatazama."

"Wakichoka watakwenda kula."

Alinyooka polepole, mpaka maua ya kichwani mwake yakapita mbali juu ya uso wangu. Kule mbele baba mkwe aliacha kupiga makofi. Mke wangu akaweka mkono wake mgongoni mwangu, tukaenda.