Kitambaa Chekundu cha Zunilda

Niapie kwanza kwamba hutamwambia mtu. Mimi pia nilimwapia Ofelia hivyo hivyo, na ona mdomo wangu sasa.

Walikuwa wanawake watatu, mashoga wa siku nyingi, katika pikapu ya Mirta, wakienda mji wa Corrientes kuona bendi waipendayo ya chamamé, muziki wa akodioni wa huko. Zunilda alivaa shingoni kitambaa chekundu alichotupiwa mwaka jana na mpiga akodioni mwenyewe, aliyeahidi kumpandisha jukwaani atakayerudi nacho.

"Utakitoboa kwa kukipapasa," Mirta akamtania.

Ofelia alicheka, huku roho inamchoma. Kwa nini hakutupiwa yeye?

Wakasimama kwenye kibanda cha Gauchito, mtakatifu wa barabarani, ambaye madereva humfungia vitambaa vyekundu. Zunilda akavua chake anawe uso. Ofelia akakinyakua, akakifunga katikati ya mamia ya vitambaa vilivyoloa nta ya mishumaa. Nani angekitambua?

Walipoondoka, mbele kidogo Zunilda akajishika shingo. "Ofelia! Kitambaa changu!"

"Shoga, mbona unanitazama mimi? Gauchito na aniumbue kama nimekigusa!"

Papo hapo wingu zito likafunika barabara, alasiri ikawa giza totoro. Vioo vilikuwa vimefungwa. Wakasikia ndani pumzi ya mtu wa nne, kisha nguo ikivutwa taratibu, na fundo likikazwa. Mirta akafunga breki, akawasha taa.

Wote wakamgeukia Ofelia. Kitambaa kilikuwa shingoni mwake, nta ya moto ikimdondokea kifuani.