Mgeni wa Sikio la Nne

Samaki walinyamaza siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na mtu wa kwanza kugundua alikuwa fundi wa sauti, mwanamke ambaye pale kwenye kituo cha uvuvi cha bwawa kila mtu alimwita Masikio. Kazi yake ilikuwa kukaa katika chumba kidogo chenye feni inayolalamika, hedifoni kichwani, akisikiliza bwawa.

Asiyeijua kazi hiyo hudhani chini ya maji ni kimya. Thubutu! Kule chini kuna makelele kuliko stendi ya mabasi. Wadudu wa maji hupiga soga, tope hucheua, na samaki kila mmoja ana lake. Lakini aliyekuwa akitafutwa alikuwa samaki mgeni, aliyeingia bwawani hakuna ajuaye kwa mlango gani, akala mayai ya samaki wenyeji mpaka nyavu zikaanza kurudi tupu. Bahati nzuri alikuwa hajui kukaa kimya. Dume lake likitaka jike huguna, guu, guu, guu, kama mtu mnene anayepanda ngazi. Kituo kilikuwa kimetundika maikrofoni tano chini ya mapipa yanayoelea, na wafanyakazi wakaziita masikio: sikio la kwanza, la pili, mpaka la tano kwenye mlango maji yanapotokea kwenda mtoni. Panapoguna sana ndipo penye viota, na hapo hutegwa mitego.

Jumanne hiyo sikio la nne halikuguna. Waya haukuwa umekatika. Masikio aliujua mlio wa waya uliokatika kama anavyoujua mkoromo wa mumewe. Maji yaliunguruma kama kawaida, ila ndani yake hapakuwa na kiumbe, hata mdudu. Kisha, karibu kabisa, kama mtu aliyeegemeza mdomo kwenye maikrofoni, ikaja pumzi. Halafu sauti nzito ya kiume, yenye adabu, ikasema:

"Naam. Nimefika."

Masikio alivua hedifoni akaiweka mezani taratibu. "Nani analeta mchezo?" aliuliza. Chumba kilikuwa kitupu, na feni iliendelea kulalamika.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe, na alilijua kabla hajanyanyuka kitini. Ijumaa walikuwa wameletewa spika ya majini, ya kupiga mlio wa dume ili majike yaje mtegoni. Kabla ya kuitumia lazima ijaribiwe. Kitabu cha maelekezo kilitaka mluzi wa mashine, lakini Masikio na mumewe, ambaye ndiye mpiga mbizi wa kituo, walikuwa na mtindo wao. Yeye hurekodi upuuzi wowote, mume huzamisha kichwa, na akisikia hunyoosha dole gumba. Ijumaa hiyo alilainisha sauti kama asali, akasema: "Karibu bwana, njoo. Hapa ni kwako, chochote upendacho ni chako." Mume aliibuka akicheka mpaka akameza maji. Ikaanguka mvua, wakakimbilia gari, na hakuna aliyekumbuka kuzima. Maneno yale yalijirudia chini ya bwawa kila baada ya sekunde kumi, mpaka Jumatatu asubuhi spika ilipotolewa. Zaidi ya mara elfu ishirini. Hata mwenye kiburi atakuja, akibembelezwa hivyo.

Msimamizi wa kituo, alipoelezwa, alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Samaki kasema naam? Basi muulize anaondoka lini, nimalizie ripoti."

"Bosi, sitanii."

"Na mimi sitanii, ripoti inatakiwa."

Jumatano saa tano sikio la nne lilisema tena, na safari hii sauti ilikuwa ya Masikio mwenyewe. *Karibu bwana, njoo.* Aliitazama spika. Ilikuwa mezani mbele yake, kavu, waya wake umekunjwa na kufungwa kwa kamba.

Mchana huo nyumbani, wakiwa wanakula, mumewe alisimamisha kijiko hewani, akageuza uso upande wa bafuni. "Naam, nakuja."

"Unamwitikia nani?" Masikio aliuliza.

"Si umeniita?"

"Mimi natafuna, mume wangu. Nitakuitaje?"

Mumewe alirudisha kijiko sahanini. Nguo zake zilikuwa zimefuliwa jana na kuanikwa juani, lakini zilinuka tope, si lile la ukingoni, bali la chini kabisa, ambalo halijawahi kuona mwanga. Masikio alipoinuka kumwaga maji ya kunawa, aliona sakafuni nyayo zilizolowa, ndefu kupita za mtu, zimetoka bafuni, zimepita mlangoni mwa chumba chao cha kulala, zimekwenda hadi ubavuni mwa kitanda, upande anaolala mumewe, na hapo zikakoma. Za kurudi hazikuwepo.

"Niambie ukweli," alisema kwa sauti ya chini. "Ukizama, unasikia nini?"

Mumewe aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa na sukari. "Nakusikia wewe. Unaniita. Unaniita vizuri, mke wangu, hujawahi kuniita vizuri hivyo."

Masikio aliumia, tusifichane. Mwanamke kushindwa na sauti yake mwenyewe si jambo dogo. Lakini chini ya maumivu kulikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyomwelewesha. *Chochote upendacho ni chako.* Mgeni alikuwa ametazama huku na huku, akachagua.

"Kesho huingii majini," alisema.

"Sawa," mumewe alijibu, macho yake yakiwa bafuni.

Alhamisi aliletwa mganga, mtu mkubwa wa mwili aliyeogopa maji waziwazi. Alisimama hatua kumi kutoka ukingoni, kopo la ubani linafuka mkononi, akaomba asogezewe hedifoni badala ya yeye kusogea. Alisikiliza kidogo tu, akaivua haraka kama iliyomuunguza.

"Mama, huyu hakuvamia," alinong'ona. "Kakaribishwa. Mgeni aliyekaribishwa mimi simwezi, nikimfukuza atanicheka. Anayefuta karibu ni aliyeitoa."

"Kwa hiyo nimwambie atoke?"

"Mwambie. Ila aliingia kwa sauti yako, na atatoka nayo. Hutabaki nayo hata ya kukohoa. Fikiri kwanza, mama."

"Mtaalamu, sikukuita unihurumie. Nimekuita unielekeze."

Msimamizi, ambaye tangu asubuhi hakuwa amecheka hata mara moja, alinyoosha kidole kuelekea majini.

Jua lilikuwa utosini, saa saba kasoro, saa ambayo hata mbwa hutafuta kivuli, na mumewe, aliyeachwa ameketi kwenye gari na mlango umefungwa, alikuwa tayari ndani ya maji mpaka kifuani, bila mtungi wa hewa, bila miwani, na viatu vyake vya kazini miguuni, akitembea si kama mtu anayezama bali kama mtu anayeingia sebuleni kwake, huku akisema kwa upole, nakuja, nakuja, na maji mbele yake yalikuwa yametulia tuli yakang'aa, lakini nyuma yake yalikuwa yakijikunja, yakifunga njia, na harufu ya lile tope ikapanda ukingoni ikauzima ubani, na Masikio, ambaye hakujua kuogelea na hakuwahi kulificha hilo, alimwita mara tatu kwa jina lake la utotoni, na mara zote tatu, kutoka chini, sauti yake mwenyewe tamu ilimtangulia kuita, na mume akaifuata ile tamu. Maji yakafika kidevuni. Yakafunga.

Masikio alinyakua spika, iliyoletwa ukingoni pamoja na vyombo vingine, akaitupa bwawani, akavaa hedifoni, akashika maikrofoni ya kuzungumzia kwa mikono miwili.

"Wewe!" alipaza sauti, na bwawa zima likatetemeka. "Niliyekukaribisha ni mimi, kwa kinywa hiki. Kwa kinywa hikihiki nakwambia toka!"

Ndani ya hedifoni sauti yake ya asali ilimjibu: "Ulisema chochote nipendacho."

"Nilisema! Nilikosea, na nimefuta! Mgeni gani anafika leo, kesho anabeba mwenye nyumba? Hukufundwa? Huna kwenu? Rudisha mume wangu!"

"Nitaondoka na nini?"

"Unajua utaondoka na nini. Chukua! Unadhani nitakulilia? Chukua, uende nayo!"

Mganga alikuwa amepiga magoti. Msimamizi aliushika waya wa spika usije ukamponyoka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alifanya kazi bila kuuliza fomu iko wapi. Masikio hakunyamaza. Alimtukana yule kiumbe kwa matusi ambayo hakujua anayo, ya mama yake, ya bibi yake, ya wanawake wote waliowahi kusimama mlangoni na ufagio, akamwambia ana uso kama sufuria lililoungua, akamwambia toka, huna haya, toka kwenye maji yetu, toka nyumbani kwangu, toka kwa mume wa

Sauti ilikatika hapo. Midomo yake iliendelea, lakini hakikutoka kitu.

Maji yalipasuka karibu na pipa la nne, na mumewe akaibuka akikohoa tope jeusi. Msimamizi alimtupia kamba, wakamvuta. Alilala kifudifudi ukingoni, akatapika, kisha akafumbua macho yaliyokuwa yake kweli. "Umeniita?" aliuliza.

Masikio alifungua kinywa. Akakifunga. Akamzaba kibao cha shavu kilichosikika ng'ambo ya bwawa, halafu akamkumbatia, na mume alipoelewa alichomgharimu mkewe, alilia kwa sauti ya watu wawili.

Juma lililofuata Masikio alirudi kazini. Msimamizi alimwambia apumzike, na yeye akamwonyesha masikio yake mawili kwa vidole: haya yapo. Akakaa kitini, akavaa hedifoni. Sikio la nne lilikuwa likiguna, guu, guu, guu, wengi kuliko kawaida. Hakuwahi kufurahi hivyo kumsikia adui.

Alipofika sikio la tano aliinua mkono ghafla. Akaongeza sauti. Akagonga meza mara mbili, na mumewe akaja mbio kutoka stoo, akavalishwa hedifoni kabla hajauliza.

Kwa mbali, chini ya mlango wa maji, mwanamke alikuwa akifoka. Hakuwa akipumua. Toka! Huna haya! Uso kama sufuria lililoungua! Toka! Yule kiumbe alikuwa ameichukua sauti ikiwa katikati ya matusi, na sauti haikuwa imemaliza. Nyuma yake sauti nzito ya kiume, iliyochoka, ilikuwa ikiomba: "Basi, mama. Nimetoka, mama. Basi."

Mumewe alisikiliza, akavuta kiti akakaa. "Itakoma lini?" aliuliza kwa kunong'ona.

Masikio alitikisa kichwa. Akavuta daftari la kumbukumbu, akaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka: Sikio la tano. Saa tatu na robo asubuhi. Anaelekea mtoni, mwendo wa kukimbia. Bado anatukanwa.