Ukingo wa Bafu la Mama

Maji yalikataa kwenda kwenye tundu la kutolea maji. Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Kipimo kwa ubishi wake wa futi na inchi, alimwaga ndoo nzima kwenye vigae vipya, akasimama mikono kiunoni kusubiri sifa. Pimamaji yake, ile rula yenye kiputo, ilionyesha mteremko uko sawa. Gololi aliyoiachia iliviringika yenyewe mpaka kwenye tundu. Lakini maji yalijikusanya, yakapanda taratibu kuelekea kona ya chini ya dirisha, yakatulia pale.

"Kipimo, umelewa?" binti mwenye nyumba aliuliza huku akicheka.

"Dada, mimi niko sawa. Labda hayo maji."

Hakuna aliyecheka tena.

Tuseme ukweli, bafu lile lilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Lilikuwa dogo, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, lakini sehemu ya kuogea ilizungushiwa ukingo wa zege uliofika magotini. Jamani, nani anajenga kitu kama hicho? Mama yake binti alijikwaa hapo akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo akawa wa kuogeshwa. Mama yule, aliyekuwa hataki hata kushikiwa mkoba! Kila akivuliwa nguo aligeuza uso ukutani akalia kimya kimya, na binti naye akienda jikoni analia. Ndiyo maana akamwita Kipimo: ukingo uondoke, mama aingie kwa miguu yake mwenyewe, aoge peke yake.

Kipimo aliuvunja. Ndani akakuta misumari mirefu yenye kutu, imepangwa safu, ncha zote zikielekea kona ya dirisha. "Chuma chakavu," alisema, akaitupa kwenye kifusi, na lori likakizoa.

Kisha, kwa kuwa habandiki kigae kabla mwenye bafu hajalijaribu, akachora kwa chaki kwenye sakafu tupu: choo hapa, sinki dogo pale, mlango ufungukie nje, na kule kona ya dirisha pa kuogea. Akamwingiza mama ajifanye anaoga. Binti alisimama mlangoni akimwonyesha ukutani bomba la kujishikilia litakapokaa.

"Mama, shika hapa."

"Usinishike! Nimekwambia nitaoga mwenyewe," mama alijibu, akijisugua mgongo mkavu, na wote watatu wakacheka mpaka machozi.

Sasa maji yalikuwa yamelala konani, na bafu jipya linanuka tope kama la kisima kilichofukiwa. Kipimo aliongea kwa kunong'ona.

"Dada, ule ukingo ulikuwa umezuia kitu. Niruhusu niujenge tena."

"Na mama aurukeje?"

"Asiogee humu."

"Aogee wapi? Nimgeuzegeuze kwenye beseni mpaka afe?"

Kipimo aliondoka akaacha hata mwiko wake.

Binti aliipiga deki ile kona mpaka ikakauka. Aliogopa, asikudanganye mtu, aliogopa sana. Lakini mama alikuwa tayari kwenye korido na taulo begani, uso umechangamka kama wa bibi harusi, na binti hakuwa na moyo wa kumwambia rudi.

"Usinifuate, mwanangu."

"Sikufuati, Mama."

Komeo likafungwa kwa ndani. Maji yakaanza kumwagika, mama akaanza kuimba, na binti akatabasamu ameegemea ukuta, mpaka harufu ya tope ilipopenya chini ya mlango ikamfunika miguu, wimbo ukakatika katikati, na kutoka ndani, katikati ya mchirizi wa maji, akasikia sauti yake mwenyewe, laini, yenye subira, ikisema, "Mama, shika hapa."

"Si nimekwambia usinifuate?" mama alilalamika. "Haya, basi, nishike. Mbona mikono imekuwa baridi hivi?"

Binti aliuvuta mlango kwa nguvu zake zote, akaupiga ngumi, akaupiga mateke, akalia kwa sauti ambayo majirani walisema baadaye hawakujua kama ni ya mtu.

"Mama! Mimi niko huku nje! Mama, fungua!"

Maji yakakatika. Mama akauliza polepole, kwa sauti ya mtu asiyethubutu kugeuka.

"Mwanangu... sasa huyu aliyenikumbatia ni nani?"

"Ni mimi, Mama," ikajibu ile sauti ndani.