Jina Ubavuni mwa Jeneza

Asubuhi za likizo ya Agosti, Jacinta Aoko hakuhitaji kuamshwa. Aliteka maji, akafagia nyumba, akampelekea mamake karai la kukaangia samaki, kisha akashika njia ya karakana ya Mzee Ouma. Mzee Ouma alikuwa fundi wa mashua, na karakana yake ilikuwa paa la mabati juu ya nguzo sita, hatua chache kutoka pale wavuvi wa Dunga wanapovuta mashua zao nchi kavu. Jacinta alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuna aliyemtuma huko. Alipenda tu harufu ya rangi.

Kila mashua ya Dunga ina jina ubavuni, na majina karibu yote yaliandikwa na Mzee Ouma. Herufi zake zilijulikana: nene juu, nyembamba katikati, na mwishoni mkia mdogo uliopinda kama ndoana. Mtu aliona mashua ikiwa bado mbali akasema, "Hiyo ni ya Ouma," kabla hata hajasoma jina. Kwa miaka miwili Jacinta alikuwa ameosha brashi, kisha akaruhusiwa kujaribu herufi kwenye vipande vya mbao, na sasa mamake alishindwa kujua ipi ni ya mzee na ipi ni ya mtoto. Mzee Ouma hakuwa mtu wa kusifu. "Si mbaya," alisema, na Jacinta alilala na neno hilo kwa wiki nzima.

Lakini wiki hiyo hakuna aliyezungumzia mashua. Jumapili timu ya mpira ya Dunga, Mbuta, ingekutana na Umoja ya Nyamasaria, dabi inayochezwa mara moja kwa mwaka, na watu wazima wenye akili timamu walikuwa wameanza kusalimiana kwa kubashiri mabao. Siku chache kabla ya dabi, mashabiki wa Dunga hubeba jeneza tupu hadi Nyamasaria wakilia kilio cha uongo, kuomboleza timu itakayozikwa Jumapili. Watu wa Nyamasaria husimama kando ya barabara, wakiwarushia maganda ya njugu na kucheka. Mzaha huo una sheria moja tu: kwenye jeneza huandikwa jina la timu. Jina la mtu haliandikwi.

Jumatano mchana Mzee Ouma alimaliza kuandika UMOJA kwenye ubavu mmoja wa jeneza la mbao, akafunika kopo la rangi.

"Ule mwingine uache hivyo hivyo," alimwambia Jacinta. "Mimi naenda soko la Kibuye kutafuta misumari. Kesho nina kazi Nyalenda, sitakuwa hapa wakilichukua."

Mara alipoondoka, Sydney alipita. Sydney ndiye kiongozi wa mashabiki, kijana mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya ghuba. Alilitazama jeneza akakunja uso.

"Kila mwaka ni Umoja, Umoja. Hata hawashtuki siku hizi," alisema. "Mwaka jana kipa wao Wechuli alitudakia penalti mbili. Huyo ndiye wa kuzikwa, si timu."

Alisema akaenda zake. Jacinta alibaki na brashi. Alikumbuka penalti zile mbili, jinsi kipa Wechuli alivyozidaka na yeye Jacinta akalia mbele ya wenzake. Aliwaza mashabiki wote wakicheka kwa sababu ya kitu alichobuni yeye. Akafunua kopo. Kwenye ubavu mtupu aliandika, kwa herufi za Mzee Ouma, na mkia wa kila herufi ukipinda kama ulivyofundishwa kupinda: WECHULI AMETUTOKA. Alilisogeza jeneza ubavu huo ukatazama mbao zilizorundikwa nyuma, akaenda nyumbani akitabasamu peke yake.

Alhamisi vijana walipoliinua, waliona. Walicheka hadi wakaketi chini.

"Mzee Ouma leo ameamua," Sydney alisema akijifuta machozi.

Jacinta alikuwa hapo na bango lake mkononi. Angeweza kusema, "Ni mimi." Hakusema, maana alitaka kwanza kuona Nyamasaria wakicheka.

Pikapu iliwashusha karibu na mzunguko wa barabara ya Nairobi. Wanne wakabeba jeneza mabegani, wengine wakaanza kilio. Kando ya barabara, chini ya mwavuli uliopauka, mwanamke mmoja alikuwa akichemsha mahindi. Jina lake ni Nakhungu, lakini barabara nzima inamwita Mama Wechuli. Mwanawe alikuwa ameondoka alfajiri na pikipiki kumpeleka abiria Ahero, na tangu saa tatu simu yake ilikuwa haipatikani. Mama Wechuli alikuwa amempigia mara sita.

Alisikia kilio. Akainua kichwa, akaona jeneza, akaona ubavu wake. Hakupiga kelele. Alisimama, akanyoosha mkono kana kwamba anataka kuligusa, kisha miguu ikamwisha nguvu. Aliangukia jiko, na maji yaliyokuwa yakichemka yakammwagikia mkono wa kulia kuanzia kiwiko hadi vidole.

Kilio cha uongo kilikatika. Watu walimbeba hadi zahanati, wakimwambia njiani, "Mama, ni mzaha, ni mambo ya mpira," naye alikuwa haelewi hata neno moja. Alitulia saa nane, Wechuli alipotokea mlangoni akiwa na vumbi la Ahero na simu iliyoisha chaji. Jacinta aliona yote hayo akichungulia dirishani. Aliogopa, na aliona haya hivi kwamba hakuweza kutazama watu usoni. Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha, na usaha huo yeye ndiye aliyeutunga.

Jioni Umoja wakatuma neno: hawachezi Jumapili hadi aliyeandika jina la mtu aliye hai kwenye jeneza ajulikane. Dunga nzima iliona haina haja ya uchunguzi. Herufi ni za nani kama si za Ouma?

Ijumaa asubuhi mwenye mashua mmoja alikuja na vijana watatu, akaikokota mashua yake iliyokuwa imepakwa rangi nusu, akaondoka bila salamu. Saa tano akaja wa pili. Mama mmoja muuza omena alipita akasema kwa sauti, bila kumtazama mtu, kwamba mkono unaoandika kifo cha mtoto wa mwenzake hautaandika mashua yake. Mzee Ouma aliendelea kupiga randa.

Mchana alilivuta jeneza kutoka pembeni, pale vijana walipolirudisha usiku, akainama mbele ya yale maandishi kwa muda mrefu. Jacinta alikuwa akiosha brashi ambayo tayari ilikuwa safi.

"Mkia wa hii W umeinuka juu," Mzee Ouma alisema. "Mimi huushusha."

Jacinta aliinama, akaisugua brashi upya.

"Kazi ya leo imeisha," mzee akasema. "Nenda nyumbani, nyathina, mwanangu."

Angemfokea, ingekuwa nafuu. Usiku ule Jacinta hakula. Mamake alimuuliza kama ana malaria, naye akasema labda.

Jumamosi saa tisa watu walikusanyika kwenye banda la ufuoni. Kutoka Nyamasaria walikuja viongozi wawili wa Umoja, Wechuli mwenyewe, na mamake akiwa na mkono uliofungwa bandeji. Mwenyekiti wa Dunga, Bwana Adongo, aliamuru jeneza liletwe katikati.

"Mzee Ouma," alisema, "sisi tunakuheshimu. Lakini hizi ni herufi zako?"

"Hizo herufi nimezifundisha mimi," Mzee Ouma alijibu.

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililo nalo. Tangu nianze kutengeneza hayo majeneza yenu nimeandika timu. Timu haina mama. Mtu anaye."

Minong'ono ilipanda. Bwana Adongo alikohoa, akasema kwamba basi Dunga haina budi kumwondoa Mzee Ouma katika chama cha mashabiki, na wenye mashua wataamua wenyewe kuhusu kazi zao. Mzee Ouma aliinamisha kichwa, akajikuna goti. Jacinta aliona nywele zake nyeupe kisogoni, na hapo akapiga moyo konde.

"Ni mimi niliandika," alisema.

Hawakumsikia. Alisema tena kwa nguvu, na Sydney akamshika bega.

"Kaa chini, Jacinta. Tunajua unampenda mzee. Usijaribu kumkinga."

"Simkingi. Hakuwepo. Alikuwa Kibuye."

Watu walitikisa vichwa kwa huruma, kama wanavyomtikisia mtoto anayesema babake hakulewa. Jacinta aliona kwamba kusema ukweli kwa kuchelewa kuna tabu yake: haukubaliki upesi. Alikwenda karakana, akarudi na kopo, brashi na kipande cha ubao. Alipiga magoti mbele ya jeneza, akaandika herufi moja, W. Kisha akauweka ubao kando ya jina.

Bwana Adongo aliinama, akatazama huku, akatazama kule. Mikia yote miwili ilikuwa imeinuka juu. Alitoka, akatazama mashua tatu zilizokuwa karibu, akarudi. Mikia ya Mzee Ouma yote ilishuka.

"Kwa nini, Aoko?" aliuliza.

"Nilitaka watu wacheke," Jacinta alisema, na machozi yakamtoka. "Halafu nikaogopa. Wenye mashua walipokuja nilikuwa pale, nikanyamaza. Mzee, nisamehe. Mama, nisamehe."

Sydney ndiye aliyefuata kusema, safari hii kwa sauti ndogo.

"Sisi tuliobeba tulisoma pia. Hakuna aliyesema liwekwe chini. Mimi hata ndiye niliyetaja jina kwanza."

Viongozi wa Umoja walitazamana. Mmoja alianza kutaja faini, lakini Mama Wechuli aliinua mkono wake mzima.

"Mpira uchezwe," alisema. "Mwanangu amefanya mazoezi mwaka mzima, msimwonee. Na huyu mtoto afute jina mwenyewe, hapa, tukiona. Halafu kesho na siku zilizobaki za likizo atakuja kwangu. Nina sufuria mbili na mkono mmoja."

Jacinta alisugua jina kwa msasa hadi mbao zikawa nyeupe. Mzee Ouma alimshikia jeneza lisiteleze. Alipomaliza, mzee alipitisha kiganja juu ya mahali pale.

"Umechelewa siku mbili," alisema. "Lakini umefika. Jumatatu wale wawili watarudisha mashua zao, utaniandalia mbao jioni ukitoka Nyamasaria."

Hivyo ndivyo Jacinta, aliyeingoja dabi mwaka mzima, alivyoisikia kutoka nje. Jumapili alikaa chini ya mwavuli wa Mama Wechuli, akichochea moto, akigeuza mahindi, akiwapa wateja chumvi na pilipili. Uwanja ulikuwa nyuma ya majengo, na kelele zilikuja kwa mawimbi. Karibu na mwisho zilipanda zikakaa juu. Baadaye kidogo kijana wa bodaboda alipita akipiga honi na kitambaa cha buluu cha Dunga shingoni. Dunga walikuwa wameshinda bao moja kwa bila, mara ya kwanza baada ya miaka minne. Furaha ilimjaa Jacinta hadi kooni, lakini aliimeza, kwa kuwa mama wa kipa aliyefungwa alikuwa ameketi karibu naye.

"Furahi tu," Mama Wechuli alisema. "Kufungwa ni kufungwa. Atarudi amenuna, atakula, atalala."

Simu yake ililia mlio wa ujumbe. Alimpa Jacinta. "Nisomee. Mimi sikwenda shule."

Ulikuwa wa Wechuli: anakuja, ana njaa. Jacinta alisoma, kisha akabaki ameshika simu.

"Mama, kama hujui kusoma, siku ile ulijuaje?"

Mama Wechuli alisogeza kuni kwa mguu kabla ya kujibu.

"Nilipomzaa, nesi aliandika jina lake kwenye kadi ya kliniki. Kila mwezi nilikuwa naitazama ile kadi, nisije nikapewa ya mtoto mwingine. Nililishika jina lote, herufi kwa herufi. Duniani najua kusoma neno moja tu, na ndilo uliloandika."

Jacinta aliiweka simu chini, akajifuta macho. Mama Wechuli alimwekea ule mkono mzima begani.

"Sikuambii ili ulie. Una mkono mzuri, wenzako watakutuma uandike mengi. Kabla hujaandika la kuchekesha, jiulize ni nani atakayelisoma, na kama atacheka. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, mwingine asibebe mzigo wako. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Basi mtolee mwanangu mahindi mawili. Nimemwona anakuja."