Mafuta ya Bibi Dirishani

Fundi saa alikuwa na masikio makali. Saa ikichelewa kidogo tu, aliijua kwa mlio wake. Lakini kikohozi cha bintiye alikisikia wiki mbili nzima, akajifanya hakisikii.

Binti alikuwa na miaka sita. Walimwita Chiriku, maana tangu aamke hadi alale, mdomo wake haukupumzika. Wiki hii Chiriku alikuwa kimya. Alijilaza karibu na meza ya baba yake, akakohoa, akalala tena.

"Baba Chiriku, mpeleke mtoto kliniki," mkewe alisema asubuhi, akivaa viatu vya kazini.

"Kliniki, kliniki! Mama yangu alitulea kwa mafuta na sala. Mbona sikufa?"

"Haya. Mwenye macho haambiwi tazama," alisema mkewe, akatoka.

Fundi akabaki akimkumbuka mama yake. Miaka tisa imepita tangu afariki, na bado alimlilia moyoni. Mama aliweka chupa ya mafuta dirishani. Yalinukia ubani na manemane. "Hata Maandiko yanayataja haya," alipenda kusema. Mtoto akiugua, aliyamimina kiganjani, akampaka kifuani, akamwombea. Halafu? Fundi alikumbuka mgongo wa mama, yeye amebebwa, na harufu ile tamu puani. Hapo kumbukumbu ilikatika.

Siku hiyo alikwenda dukani, akanunua chupa ndogo ya mafuta ya ubani. Alipoifungua nyumbani, harufu ile ilimrudisha utotoni, machozi yakamlengalenga. Akamimina kiganjani kama mama. Akampaka Chiriku kifua kizima na shingo.

Hazikupita dakika tano.

"Baba, inachoma! Baba!"

Ngozi ilikuwa nyekundu. Mtoto alikohoa hadi pumzi zikambana. Fundi alimbeba mbiombio, chupa bado mkononi, hadi kwa jirani, muuguzi mstaafu aliyekuwa rafiki wa mama yake.

"Shikamoo, mama, mtoto wangu..."

"Salamu baadaye. Mlete hapa."

Muuguzi alimwosha kwa sabuni na maji mengi. Akafungua madirisha yote. Pole pole Chiriku akatulia. Ndipo muuguzi akaichukua ile chupa, akanusa, akaisukuma mbali.

"Umechanganya na nini?"

"Sikuchanganya. Mama alipaka hivihivi."

"Hivihivi? Ile chupa ya mama yako, chini yake kulikuwa na nini?"

Fundi akafikiri. "Takataka."

Muuguzi alicheka hadi miwani ikamteleza. "Takataka! Angekusikia, ungekula kofi. Vile vilikuwa vipande vya ubani na manemane. Alivitia ndani ya mafuta mengi ya zeituni, vikakaa wiki kadhaa. Yale yalikuwa mapole. Haya yako ni makali mno. Ubani mwingi umetolewa mafuta yake, yakatiwa katika kichupa kimoja. Hata Musa alipotengeneza mafuta matakatifu, manemane na mdalasini vilichanganywa na mafuta ya zeituni. Mafuta makali hayapakwi matupu, wala hayanywewi. Na mtoto usimpake kabisa kabla hujauliza kliniki."

"Nimekoma, mama. Lakini kikohozi je?"

"Kikohozi cha wiki mbili ni cha kupimwa, si cha kupakwa."

"Mama yangu hakutupeleka kliniki."

"Nani kakudanganya? Yule Msamaria alimpaka majeruhi mafuta. Kisha akamwacha njiani?"

"Hapana. Alimpandisha juu ya punda, akampeleka akatunzwe."

"Basi mama yako hakuwa na punda. Alikuwa na mgongo. Alikupaka, akakuombea, akakubeba hadi kliniki. Sindano nilikudunga mimi mwenyewe, ukaning'ata mkono."

Miaka yote hiyo fundi aliikumbuka safari, asikumbuke walikokuwa wakienda. Alilia bila kuficha uso. Kisha akainama.

"Panda mgongoni, Chiriku. Twende."

Kliniki walimpima, wakampa dawa. Alizimaliza zote kama alivyoagizwa. Ngozi ikapona, kikohozi kikaisha, na nyumba ikajaa maneno tena. Mkewe hakusema, "Nilikwambia." Alitabasamu tu, na tabasamu hilo lilimchoma fundi kuliko maneno.

Sasa dirishani kuna chupa kubwa. Chini kuna vipande vya ubani na manemane, juu ni mafuta ya zeituni. Jioni moja Chiriku aliinusa.

"Baba, Bibi alikuwa ananukia hivi?"

"Hivihivi, aliponibeba mgongoni."

"Alikuwa anakupeleka wapi?"

Fundi aliiweka chini saa aliyokuwa akiitengeneza.

"Kliniki, mwanangu," alisema. "Alikuwa ananipeleka kliniki."